Shemeji na Gramu Zake 42

Mtu wa Sumbawanga hawezi kumiliki upinde kwa amani. Jirani akiuona anataka kujua unamlenga nani. Ukimtajia mtu wa Dar, anacheka na kukuuliza mnahangaika na mishale ya nini wakati huko kwenu mnatumiana radi. Utani huo nimeusikia stendi, nimeusikia msibani, nimeusikia hata kwa mtu aliyekuwa ameshika sindano tayari kunichoma. Mimi nina upinde wa marehemu babu, podo la ngozi lililokauka likawa gumu, na mishale michache iliyosalimika na mchwa. Siwindi. Naomba hilo liandikwe mapema, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na mtu anayemfuata mnyama bila kibali, na mifupa yangu haiwezi mahabusu ya Sumbawanga mwezi wa saba. Ninachopiga ni gunia lililoshindiliwa maganda ya mahindi, limeegemezwa kwenye tuta la udongo nyuma ya nyumba. Halijawahi kunilalamikia.

Anayelalamika ni shemeji.

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anaishi Dar es Salaam na anauza vipuri vya magari. Kila akija likizo hatuletei pungufu ya vitu viwili, sukari na ushauri. Sukari huisha. Safari hii ushauri ulikuwa wa uzito. Alichomoa mshale mmoja kwenye podo bila kuomba, akaurusharusha kiganjani, akasikitika kwa niaba yangu.

"Shemeji, huu ni wa kuchomea mishikaki."

"Huo umemlisha babu yangu na watoto wake," nikamwambia.

"Ndiyo maana ukoo wenu wembamba."

Sasa nisimnyime haki yake. Hoja ya uzito ina miguu. Kwa upinde uleule, ukiongeza uzito wa mshale kwa nusu, mwendo wake haupungui kwa nusu. Unapungua kwa sehemu ya tano hivi, tena pengine pungufu, kwa sababu mshale mzito huchukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya upinde. Ukitumia mwepesi, nguvu nyingi hubaki nyuma ikitetemesha mti na kukuuma mkono. Upinde hupunguza kelele pia, na mnyama mwenye masikio anajua tofauti. Mshale mzito ukifika haukubali kusimama upesi. Kuna Mmarekani anaitwa Ed Ashby ambaye miaka ya 1980, kule Natal, Afrika Kusini, alijaribu mishale ya kila namna kwa wanyama wakubwa, akatoka na mpaka wa uzito wa kuvunjia mfupa mnene. Kwa vipimo vyetu ni gramu 42 hivi.

Hapo kwenye 42 ndipo shemeji alipoacha kusoma. Aliibeba hiyo namba kutoka Dar, akaipitisha Mikumi, akaipitisha Mbeya, akaifikisha kwangu ikiwa nzima. Nilimwuliza swali moja tu: huyo Ashby alipoyapanga mambo yanayofanya mshale upenye, la kwanza lilikuwa lipi? Akatazama mlima. Basi la kwanza ni mshale usivunjike, na la pili ni mshale uruke umenyooka. Huo mpaka wa gramu 42 aliuweka mkiani kabisa mwa orodha. Lakini nani ana haja na la pili? Watu tunapenda namba, na "uruke umenyooka" haina namba.

Tukaenda kupima kwa sonara, maana mizani ya sokoni imezoea magunia, tena magunia ya lumbesa, na gramu haizitambui. Sonara aliuweka mshale kwenye mzani wake mdogo, akasoma gramu 28, akauchunguza kwa kioo, akauliza dhahabu iko upande gani. Shemeji akamweleza habari ya mfupa wa nyati. Sonara akaturudishia mshale kwa adabu na hakututoza.

"Zinakosekana 14," shemeji akasema, na usiku huohuo akazipata. Mtu wa vipuri hakosi kitu. Begini mwake alikuwa na vile vipande vya risasi vinavyobanwa kwenye ringi za gari wakati wa kubalansi matairi. Alivikata, akavifua kwa nyundo, akavizungusha nyuma ya kigumba, kile chuma cha nchani, kisha akavifunga kwa uzi mwekundu aliouchukua kwenye cherehani ya dada yake. Huo uzi mwekundu ukumbuke.

Nilimwonya. Nilimwambia mshale ni ukoo, huwezi kumnenepesha mmoja ukadhani wengine hawatahisi. Nikauweka ule mshale juu ya ncha ya kidole nimwonyeshe. Urefu wake ni sentimeta 80. Kabla ya risasi ulikuwa unatulia kidoleni kwenye sentimeta 48 ukipima kutoka nyuma, yaani sentimeta 8 mbele ya katikati, asilimia 10 ya urefu. Hiyo ni hali ya kawaida ya mshale wa mti. Baada ya risasi ulitulia kwenye sentimeta 58. Asilimia 22 na nusu! Shemeji akafurahi sana, akasema uzito ukiwa mbele ndio mshale unajiongoza wenyewe. Ni kweli, unajiongoza, ila kwanza lazima uondoke salama kwenye upinde, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Watu hudhani mshale huondoka umenyooka. Thubutu. Ugwe, ile kamba ya upinde, unausukuma kuelekea katikati ya upinde, na hapo katikati pana mti. Mshale umelazwa ubavuni mwa ule mti. Utapitaje bila kuugonga? Unapinda. Unajikunja kuuzunguka mti, unarudi kujikunja upande wa pili, na unaendelea hivyo hewani hadi utulie. Clarence Hickman, mwanafizikia wa maabara za simu za Bell huko Marekani, aliufanyia utafiti mwendo huo kwa picha za kasi kubwa, na kwenye picha hizo mshale unaoneshwa ukinyonganyonga wakati mpigaji anaapa kwamba ulikwenda sawa. Kwa hiyo ufito, yaani wano, unatakiwa uwe na ugumu wa kiasi. Ukiwa mgumu mno hauzunguki vizuri, na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Ukiwa laini mno unajikunja kupita kiasi na kukimbilia kulia.

Basi weka chuma kizito mbele. Chuma hakitaki kuondoka haraka, ugwe nao kwa nyuma hauna subira, na wano aliye katikati anabanwa na kujikunja zaidi ya alivyozoea. Hakuna aliyemgusa wano. Hajachongwa, hajalowa. Lakini kwa kazi ile amegeuka laini kwa sababu ya mgeni aliyewekwa mbele. Niliyasema yote haya nikiwa nimesimama, kwa mikono na kwa fimbo. Shemeji akaniuliza kama nimemaliza.

Alivuta, akaachia. Ule mshale ulitoka ukitingisha mkia, ukaliacha gunia kushoto, ukavuka uzio wa mabanzi na kutua kwa mama jirani, juu ya tangi lake la maji.

Lawama ya kwanza ikabebeshwa upepo. Sawa, hapa kwetu Ufipa pana upepo, hasa kiangazi, unaoweza kuubeba mwavuli wako hadi Chanji. Lakini siku ile hata moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima. Lawama ya pili ikabebeshwa mwinuko: kwamba shemeji amezoea hewa ya pwani. Hapa juu tuko kwenye mita 1,700 na zaidi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu sehemu ya sita. Hewa nyepesi inaupunguzia mshale upinzani kidogo. Haiutumi kwa majirani.

Lawama ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Mama jirani alipanda juu ya tangi akakuta mshale wa zamani, umefungwa vipande vya risasi kwa uzi mwekundu. Sumbawanga. Uzi mwekundu. Juu ya maji ya kunywa ya familia. Ningekuwa mimi ningepiga yowe vilevile. Ndani ya muda mfupi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mchungaji aliyekuwa anapita zake, na vijana wa bodaboda ambao habari huwafikia kabla haijatokea.

"Baba, huu ni mshale wa nini?" balozi akaniuliza, akiwa ameushika kwa kitambaa.

Nikaanza kueleza habari ya ufito kupinda. Nikawaambia kwamba mshale hujikunja angani wenyewe, kwamba risasi ya tairi imemlegeza wano bila kumgusa. Kadiri nilivyofafanua ndivyo watu walivyorudi nyuma hatua. Aliyeniokoa ni jirani mwingine, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Rukwa kisha akaja kupanga mjini. Huko kwao alishiriki sungusungu tangu miaka ya 1980, na kule upinde ni kitendea kazi cha mlinzi wa kijiji. Aliutazama ule mshale mara moja tu. "Huu si uchawi," akasema. "Mchawi angeufunga vizuri."

Balozi akauchukua kuwa kidhibiti. Hadi leo uko kwake, na nasikia anauonyesha wageni.

Shemeji hakukata tamaa. Akanijia na Wazungu. Mbona Wazungu walikuja hapahapa Tanganyika wakapiga simba kwa mishale mizito? Walikuja, ndiyo. Mwaka 1925 Saxton Pope, daktari wa upasuaji kutoka San Francisco, na mwenzake Arthur Young walikuja kuwinda simba kwa upinde. Lakini walikuwa pamoja na Stewart Edward White, na White alikuwa na bunduki. Nikamwambia shemeji, kila mtu ni shujaa akiwa na bunduki nyuma yake. Halafu wale mishale yao walijitengenezea wenyewe, kila kipande kimepimwa na wenzake. Hawakupita kwanza dukani kwa mbalansi tairi.

Ilibidi nimpeleke kwa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyetokea upande wa Nkasi, ambaye baba yake alikuwa mhunzi. Shemeji akamsalimu shikamoo, mzee akaitikia marahaba, kisha kwa muda mrefu hakusema neno. Alikuwa anakitazama kigumba cha babu.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa kizazi cha shemeji hawalijui, na wakiambiwa wanasema tunajisifu. Ufipa ni nchi ya chuma. Yale matanuru marefu ya udongo tunayoyaita malungu, yenye kimo cha karibu mita 3, yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Hakuna aliyekaa kupuliza mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa na taka, kwa hiyo kilirudiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akaanza kufua jembe, shoka, mkuki au kigumba. Magofu ya malungu bado yamesimama mashambani, na wakulima wanayazunguka na jembe. Mwandishi aitwaye Greig aliandika habari za uyeyushaji huo mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba na kuchambua mabaki yake huko Nkasi. Sasa nijibiwe: watu walioweza kusimamisha tanuru la mita 3 na kulifanya livute pumzi peke yake, walishindwa kutengeneza kigumba kizito? Chuma walikuwa nacho cha kuuza. Kama kigumba cha babu ni chembamba, hakikufanywa hivyo kwa umaskini.

Mzee naye ndilo alilolisema, kwa maneno machache kuliko yangu. "Kijana, hiki kimelinganishwa na fito yake. Ukitaka chuma kinenepe, tafuta kwanza fito nene."

"Mzee, mimi nataka gramu 42."

"Za kumpiga nani?"

Shemeji akataja nyati. Mzee akamwuliza nyati yuko wapi hapa Katandala. Nyati, tembo na wenzao wana Katavi yao, na sheshe wa nyika za Ziwa Rukwa nao wana walinzi. Babu yangu alimfuata mbuzi wa porini na ngiri, akipiga kutoka karibu kiasi cha kumsikia akitafuna. Kila kazi na mshale wake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao upinde kwao ni jiko, wana mishale ya ncha ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, wana yenye vigumba vya msumari uliopondwa, na ile ya mnyama mkubwa wanaipaka sumu ya mimea. Mshale wenye sumu hauna haja ya kuvunja mfupa. Upasue ngozi tu, ukae. Kilichobaki ni kufuata nyayo. (Shemeji, masikio juu, akauliza sumu inapatikana wapi. Mzee akajifanya hajasikia, na mimi nikajifanya sijaelewa Kiswahili.)

Tulianza upya kwa njia ya mzee, na njia ya mzee haina haraka, jambo ambalo kwa mtu mwenye tiketi ya basi ni mateso. Alitaka fito za mkole, nene kidogo kuliko za babu, zilizokaa kivulini zikakauka. Zenye kupinda akazipasha moto na kuzinyoosha, nyingine kwa mikono, nyingine kwa meno yaliyobaki. Mhunzi akafua kigumba kipya kutoka kwenye kipande cha springi ya gari, kizito kidogo tu kuliko cha zamani, mkia wake ukaingia ndani ya mti na kufungwa kwa kano. Sehemu kubwa ya uzito mpya ikatoka kwenye mti wenyewe, umesambaa urefu mzima, haujarundikwa mbele.

Kisha likaja jaribio la mshale usio na manyoya. Shemeji alidhani mzee amesahau. Manyoya ni mnafiki mwenye huruma: mshale ukitoka vibaya yanaurekebisha njiani, nawe hujui kosa lako. Ukiupiga ukiwa uchi kutoka karibu, unasema ukweli wote. Wa kwanza uliingia guniani kulia kwa wenzake wenye manyoya, laini bado. Mzee akakata upana wa kidole kutoka nyuma, kwa sababu wano mfupi ni mgumu kuliko mrefu, akachonga upya tundu la ugwe. Ukasogea. Akakata kidogo tena. Shemeji kila mara akilalamika kwamba vipande vinavyodondoka ni gramu zake.

Manyoya ndiyo yaliyomtia mama watoto kwenye kesi. Mzee alisema manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, kwa kuwa ya kulia yanapinda huku na ya kushoto kule; ukiyachanganya yanavutana. Shemeji alilitii agizo hilo kwa ukamilifu wa kutisha. Alimkamata jogoo tuliyekuwa tunamtunzia Krismasi, akamnyoa bawa la kulia lote na kuliacha la kushoto halijaguswa. Yule jogoo sasa akijaribu kuruka uzio anapinda angani na kurudi palepale alipotoka, mtindo uleule wa mshale wa risasi za tairi. Mama watoto alimwita kaka yake kwa jina lake kamili la ubatizo, kitu ambacho nimekisikia mara chache sana katika ndoa hii.

Mshale ulipokamilika ulitoka kwenye upinde kimya. Sijui niseme nini zaidi; uliingia katikati ya gunia hadi kigumba kikajizika kwenye tuta la udongo nyuma yake, na wa pili ukaufuata. Mama jirani, aliyekuwa anachungulia kupitia mabanzi akiwa amekumbatia mfuniko wa tangi, akarudi ndani kuendelea na kazi zake. Hata yule Msukuma, ambaye sifa kwake hutoka kwa tone, aligusa ule mshale na kusema huu sasa una wazazi.

Shemeji akaenda nao kwa sonara.

Akarudi amenuna. Gramu 37. Zinakosekana tano, akasema, na kwa sauti ile ungedhani tumemwibia. Nikamwambia haujawahi kukosa gunia. Akasema gunia si mfupa. Nikamwambia mfupa unaoutaka una leseni yake, nenda ofisi za wanyamapori ukaombe ya wenyeji kwanza, ukishaipata tutazungumza gramu. Akasema mimi nina tabia ya kukatisha tamaa wawekezaji. Kesho yake alfajiri akapanda basi, na jogoo alimsindikiza kwa kuzunguka uani.

Wiki iliyopita amepiga simu. Sauti ina furaha, na hiyo ni dalili mbaya. Amegundua, anasema, kwamba zile gramu tano tunaweza kuziweka nyuma, kwenye mkia wa mshale, ili mbele kusilemewe. Nimemweleza kwamba uzito wa nyuma utataka kuwa mbele, na mshale utakwenda ukigeuka huko hewani unatafuta upi ni uso wake. Anasema tayari ametuma kifurushi kwa basi, kina risasi za kutosha mishale yote, na ameongeza za matairi ya lori iwapo za gari dogo hazitatosha.

Nimempigia kondakta. Nimemwomba, kwa heshima zote, akishushe Tunduma.